Mvua Niliyomwahidi Mjomba Wako

Akoth mwanangu,

Umekwenda kusukwa nywele, na najua ukishakaa kwenye kile kigoda cha msusi hutoki mpaka jua limeinama. Nimeona nitumie nafasi hii kuandika, maana ukiwa mbele yangu siwezi. Nimejaribu tangu ulipopata kazi. Jana tulipokuwa tunachambua omena nilifungua mdomo nianze, ukaniangalia, na mimi nikakuuliza kama umepakia blanketi.

Mambo ya blanketi tuyaache. Wewe ni mwalimu sasa. Namna ya kupika, namna ya kutunza mshahara, namna ya kumkwepa mwanamume mwenye maneno matamu, yote umenisikia nikiyasema mpaka umechoka. Leo nataka kukuambia habari moja tu, ya mjomba wako Owuor, kwa sababu kesho unakwenda kuishi nyumbani kwake Macalder na kule utaisikia. Usipoisikia kwake utaisikia kwa mkewe, au kwa jirani siku ya pombe. Nataka uisikie kwangu kwanza.

Naandika kwa Kiswahili. Hii ndiyo lugha niliyoandikia ripoti kazini miaka yote, na ripoti nilizoea kuziandika bila kulia. Kwa Dholuo nisingefika mbali.

Unajua nilikuwa askari wa wanyamapori. Unaikumbuka sare, unayakumbuka yale mabuti yaliyokuwa yakikutisha ulipokuwa mdogo. Lakini kazi yenyewe sidhani niliwahi kukueleza, maana ulipofika umri wa kuuliza nilikuwa nimeshaichukia. Kituo chetu kilikuwa juu ya korongo la Rachar, kule vilima vinapokatika ghafla kana kwamba mtu alipiga panga akaondoka. Kuta za mawe pande mbili, tai wamejenga viota humo, na chini kabisa kijito ambacho kiangazi mbuzi anaweza kukiruka. Ukingoni tulikuwa na kibanda cha bati, benchi, redio, na darubini yenye ufa kwenye jicho moja. Mimi na mwenzangu Mwita, Mkuria mmoja mpole aliyenizidi umri, tulikaa pale tukitazama juu.

Watu hucheka nikisema nililipwa kutazama mbingu. Lakini wakati wa chwiri, zile mvua ndefu, korongo lile ni mtego. Mvua hunyesha mbali kwenye vilima, na huku chini jua linawaka, wageni wamevua viatu wanachezea maji. Halafu maji ya kule juu yanafika yakiwa yamebeba magogo. Kwa hiyo kila siku baada ya chakula cha mchana ulitakiwa kuyatazama mawingu ya upande wa Kisii. Yakiwa meusi tumboni, na upepo ukigeuka ukawa baridi shingoni, unapiga filimbi, unashuka, unawatoa watu hata kama wanakutukana. Kiangazi tulitafuta moshi. Tulitafuta tai wanaozunguka mahali pamoja, maana chini yao kuna mnyama aliyenaswa. Na tulitafuta vumbi, kwa kuwa vumbi kwenye korongo lilikuwa na maana moja tu: kuna mtu ameingiza ng'ombe.

Niliipenda kazi ile, nisikudanganye. Asubuhi za chwiri ukungu ulijaa korongoni mpaka ukingoni, nasi tulikaa juu yake tukinywa turungi kama watu walio kisiwani. Hakuna aliyenipikia wala aliyeniomba chochote. Nilikuwa mjane kijana, na pale juu nilikuwa na cheo.

Ila walituajiri kwa msimu. Msimu ukiisha unarudi nyumbani unasubiri kuitwa, na hakuna aliyekuahidi kwamba utaitwa. Kila mwaka nilikaa na simu kifuani hata chooni. Ukiishi hivyo miaka mingi kuna kitu kinapinda ndani yako, na wewe mwenyewe huoni.

Nilipokuwa kituoni, wewe ulikaa kwa nyanya yako, Dani, pale nyumbani kwetu chini ya kilima. Kwa hiyo aliyekulea ni Owuor. Baba yako tulimzika kabla hujajua kutembea. Owuor alikubeba mabegani kwenda josho, na akamwita ndama mmoja jina lako, ukawa unakataa kunywa maziwa ya mama yake kwa sababu ni ya Akoth mwenzako. Sijui kama unakumbuka.

Lipo jambo lingine ambalo hukuwahi kuambiwa. Owuor aliacha shule akiwa darasa la sita ili mimi niendelee. Baba yetu alituita mbele ya nyumba akasema hawezi kuwasomesha wawili. Kabla mimi sijasema neno, Owuor akasema, "Mwacheni huyu asome. Mimi napenda ng'ombe." Alisema huku akicheka. Nilimwamini miaka mingi kwamba alipenda ng'ombe kuliko vitabu. Ilinifaa kuamini hivyo.

Sasa nije kwenye ule ukame. Ulikuwa na umri wa miaka kumi.

Mwaka mmoja kabla yake, mara mbili au tatu niliwaambia watu sokoni kwamba mvua inakaribia, na ikanyesha. Haikuwa elimu kubwa. Nilikaa juu ya kilima, niliona mbali kuliko wao, basi. Lakini wanawake wa sokoni wakaanza kunitania, badala ya kuniita Min Akoth wakaniita Min Koth, mama wa mvua. Nikipita wananiuliza, "Min Koth, tupande lini?" Nami nasimama, natazama juu, nanyamaza kidogo kama daktari, halafu najibu. Nikikumbuka ule unyamavu wangu naona aibu mpaka leo. Nilikuwa nimeshajua nitasema nini kabla sijatazama juu.

Mvua zilipokosa kuja mwaka ule, majani yaliisha kwanza mabondeni, kisha vilimani. Ng'ombe wakaanza kula nyasi za mapaa ya nyumba. Majirani wakakubaliana kuhamisha mifugo kwenda ufuoni, upande wa Karungu, ambako kando ya ziwa kulikuwa bado na mafunjo na kitu cha kutafuna. Owuor alikuwa aende nao. Kabla ya kuondoka akapanda kuja kibandani kuniona.

Alikaa kwenye benchi, akatazama chini korongoni. Kule chini, kando ya kijito, kulikuwa bado kijani.

"Nyamera," akaniambia, kama alivyoniita siku zote, dada yangu wa tumbo moja. "Huko kuna majani."

"Yapo."

"Siku mbili tu. Nitawaingiza alfajiri, nitawatoa kabla ya mtu kuamka. Halafu niwafuate wenzangu ufuoni wakiwa na nguvu ya kutembea."

"Omera, kaka yangu, unajua siwezi. Na huna haja. Usiende hata huko ufuoni, utawaua njiani. Mvua inakuja wiki hii. Jumapili haitatukuta tunatazama juu hivi."

Akanigeukia. "Unajua, au unasema?"

"Najua."

Neno lile, Akoth. Sikuwa najua. Nilikuwa nimeona mawingu mazuri upande wa Kisii siku mbili mfululizo, nikawa na matumaini kama mtu mwingine yeyote. Lakini alikuwa ameniuliza kaka yangu aliyeacha shule kwa ajili yangu, na mimi nimevaa sare, nimeshika darubini. Ningewezaje kumwambia kwamba sijui?

Majirani waliondoka na mifugo yao. Owuor akabaki. Watu walipomuuliza alisema, "Dada yangu anakaa na mawingu. Amesema ningoje."

Jumapili ikaja, mbingu nyeupe kama sahani. Jumapili ya pili vilevile. Mawingu yalikuwa yakijikusanya mchana, yanapita juu yetu, yanakwenda kumwagikia ziwani. Nikaacha kupitia sokoni. Nikaacha kupitia nyumbani pia, nikimtuma Mwita akuletee sukari na sabuni. Owuor hakunilaumu. Alituma neno moja tu kupitia kwa Mwita, kwamba ng'ombe mmoja ameanguka na hakuinuka, na kwamba sasa hawawezi tena kufika Karungu.

Siku ya Ijumaa asubuhi tuliona vumbi korongoni. Mwita ndiye aliyekuwa na darubini. Akatazama muda mrefu, kisha akaishusha polepole.

"Mama Akoth, ni ng'ombe wa kaka yako. Namjua yule mweupe mwenye pembe moja."

Mwita akaiweka darubini kwenye benchi, akajilaza chini, akajifunika uso kwa kofia. "Mimi nimetoka kwa watu wa ng'ombe," akasema kutoka chini ya kofia. "Leo macho yananiuma. Sijaona kitu. Na wewe pia macho yanakuuma."

Alinifungulia mlango, mzee yule. Ningeweza kulala kando yake na mambo yakaishia hapo. Mpaka leo hunipigia simu kila Krismasi, na mpaka leo hajawahi kulitaja jambo hili.

Nilijiambia nashuka kwa sababu ya sheria. Nilijiambia nashuka kwa sababu mwezi uliotangulia askari mmoja alifukuzwa kwa kuficha mifugo ya wakwe zake, na msimu wetu ulikuwa unakaribia mwisho, na mimi nina mtoto. Hayo yalikuwa kweli. Lakini lipo la tatu ambalo sijamwambia mtu: nilikuwa nimekasirika. Nilikasirika kwamba ameacha kuiamini mvua yangu. Nilishuka lile korongo nikiwa na hasira na mtu ambaye kosa lake lilikuwa kuniamini muda mrefu mno.

Nilimkuta ameegemea fimbo yake. Ng'ombe walikuwa wamezamisha vichwa kwenye majani, hawakuinua hata masikio. Aliponiona akatabasamu.

"Afadhali ni wewe," akasema.

Nikamwambia awaswage mpaka kituoni. Akacheka, akidhani ni mzaha wa ndugu. Halafu akanitazama usoni, akaacha kucheka. Hakubishana. Aliwapigia mluzi wake ule wa kuwaita, wakamfuata mpaka juu, hata wale waliokuwa bado na nguvu wakipumzika kila kona.

Zizi la kituo lilikuwa uwanja wa seng'enge tu, bila paa, bila mti, lililotengenezwa kwa mifugo ya kukamatwa. Nikawafungia humo, nikatia kufuli. Mkubwa wa kituo alikuwa amekwenda mkutanoni mjini. Nilimpata kwa redio, akasema, "Umefanya vizuri. Wabaki humo mpaka nirudi Jumatatu, nitaamua." Nilibeba ndoo za maji kutoka tangi la kituo mpaka tangi likakauka. Owuor alisimama nje ya seng'enge, hakunisaidia na hakunizuia.

Baada ya chakula cha mchana mawingu yakainuka upande wa Kisii. Yalikuwa meusi tumboni. Upepo ukageuka, ukanipiga shingoni baridi. Na mvua ile niliyomwahidi ikaja, Akoth. Ilikuja kwa ghadhabu kana kwamba imezuiliwa mahali. Haukupita muda tukasikia korongo. Ukiwa hujasikia siwezi kukueleza, ni kama lori nyingi zinapita chini ya ardhi. Nikakimbia ukingoni nikaona maji yamefunika kila mahali walipokuwa wakila wale ng'ombe asubuhi. Majani yote yalikuwa yamezama.

Sasa sikiliza nilichofanya. Nilikimbia kumrudia kaka yangu nikiwa na furaha. Nilimshika mkono nikipiga kelele juu ya mvua, "Omera! Umeona? Wangesombwa wote! Na wewe pia! Ni Mungu aliyenituma!"

Hakutazama korongo. Alikuwa akitazama ndani ya seng'enge.

"Wanatetemeka," akasema.

Wewe umelelewa kwenye ng'ombe, lakini labda hukuwahi kuona hili. Ng'ombe aliyekaa na njaa muda mrefu hauawi na jua. Mvua ya kwanza ndiyo inayomuua. Hana mafuta mwilini, hana kitu tumboni, na maji baridi yanamwingia mpaka kwenye mifupa. Kila mfugaji anajua hilo. Wakati wa mvua ya kwanza watu huwaingiza wale dhaifu hata ndani ya jiko, wanawasha moto, wanawafunika kwa magunia.

"Fungua," Owuor akasema. "Niwapeleke nyumbani. Si mbali. Mama amewasha moto."

Nikamwita mkubwa kwenye redio. Nikamweleza. Nikamsikia akizungumza na watu wengine huko aliko, kisha akarudi. "Hakuna kufungua mpaka nije. Ukifungua, usije kazini."

Nilirudi kwenye seng'enge. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Ulikuwa mdogo, wa kufuli ya kawaida ya duka.

"Nyamera, fungua."

Niliupapasa ule ufunguo mfukoni.

"Unaogopa nini?"

"Kazi," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelekezwa njia. "Sawa," akasema. Akainua waya, akapenya ndani, akachanika shati na mgongo, akaingia katikati ya ng'ombe wake akiwa na gunia. Akawa anamsugua mmoja, anaacha, anamsugua mwingine. Mimi nilisimama barazani nikiwa nimevaa koti la mvua la serikali. Mwita alikuja akasimama kando yangu, akaondoka, akarudi na magunia mengine, na yeye pia akapenya waya akaingia. Mimi sikuingia. Nilikuwa nikijiambia kwamba mvua itakatika sasa hivi. Mama wa mvua.

Haikukatika mpaka karibu kuche. Wengi walikuwa wamelala kwenye matope na shingo zimenyooka. Yule mweupe mwenye pembe moja alikuwa amekufa amepiga magoti. Ndipo nilipotoa ufunguo nikafungua lango wazi kabisa, bila ruhusa ya mtu. Waliobaki hai hawakuwa na nguvu ya kutoka. Owuor alikuwa amekaa chini katikati yao, akanitazama nikiwa nimeshika lango, na macho yale ndiyo ninayoyaona nikikaa kimya sana.

Mkubwa alirudi Jumatatu akaandika kwamba mifugo ilikufa kutokana na hali ya hewa. Akanipa nitie sahihi. Nikatia.

Na msimu uliofuata niliitwa. Na uliofuata. Ile kazi nilikaa nayo miaka mingine kadhaa, nikitazama mbingu, nikipiga filimbi, nikiwatoa wageni wasisombwe. Nilitoa watu wengi, Akoth, na wengine walinipa hata mkono wa asante. Nilikuwa nimekunjika ndani lakini kazi niliifanya. Halafu wakafunga vyombo ukingoni, vinapima mvua na kutuma habari vyenyewe, na nikaletewa ujumbe kwenye simu kwamba msimu huu hawatanihitaji. Maneno yenyewe yalijaa mstari mmoja na nusu. Nilikuwa nikipepeta mtama niliposoma. Niliendelea kupepeta.

Sikuambii haya ili uichukie kazi yako. Ipende ukiweza. Ila ukiona siku moja inakutaka umfungie mtu wako nje mvua inanyesha, ujue mapema kwamba na yenyewe itakuaga kwa ujumbe wa simu.

Owuor alikaa nyumbani mpaka mazishi ya ng'ombe yalipokwisha, maana aliwazika, hakukubali mtu ale nyama yao. Baadaye akamchukua mkewe, wakaenda Macalder kuchimba dhahabu. Mwanamume aliyeishi juani na mifugo akaingia chini ya ardhi na taa kichwani. Wewe ulilia ukiuliza kwa nini mjomba ameondoka bila kukuaga. Nilikuambia amekwenda kutafuta utajiri. Ukaniuliza kama atakuletea pete. Ukawa unamngoja.

Kisha nyanya yako akafariki. Ulikuwa umefika kidato cha pili, ulikuwepo, kwa hiyo utalikumbuka hili. Nilikuja na ng'ombe, kama binti anavyotakiwa kufanya mama yake anapozikwa. Nilikuwa nimemchagua mzuri, mwekundu, amenenepa. Owuor alikuwa amesimama langoni. Tangu zizi lile hatukuwa tumeonana.

"Wewe ingia, ni mama yako," akaniambia, sauti ya chini ili waombolezaji wasisikie. "Ng'ombe abaki nje. Ng'ombe aliyeletwa na mkono huo haingii hapa."

Mimi nilibaki nje na ng'ombe. Mama yangu alizikwa nikiwa nimeshika kamba kando ya ua, nikisikia nyimbo kutoka upande wa pili. Wewe ulitoka mara mbili kuniita, ukiwa na sare ya shule, ukaniuliza kwa nini siingii. Nikakuambia ng'ombe ana ugonjwa wa kuambukiza. Uliamini, ukarudi ndani ukawaambia watu wamwite daktari wa mifugo. Nimekuona tangu siku ile ukiwa mtu wa kutafuta dawa pale ambapo watu wakubwa wanadanganya. Kama ni kosa nililokurithisha, nisamehe.

Mwaka jana nilikwenda Macalder. Nilikuambia nakwenda Migori kununua mbegu. Nilishuka barabarani, nikauliza, nikaelekezwa kwenye mashimo. Sehemu ile imechimbwachimbwa mpaka huwezi kupita bila kutazama miguu. Wanawake walikuwa wakiosha udongo kwenye karai, na kando ya shimo moja wanaume wawili walikuwa wakivuta kamba. Mmoja alikuwa Owuor. Amekonda, na kichwa kimekuwa cheupe, na alipovuta alikohoa kikohozi kirefu cha kifuani.

Nilisimama pale nikiwa nimejiandalia maneno. Nilikuwa nimeyasema njia nzima. Akafunga kamba, akajipangusa, akageuka akaniona. Alinitazama kwa muda wa kutosha. Hakukuwa na giza, hakukuwa na ukungu, Akoth, ilikuwa mchana kweupe.

Kisha akaniambia kwa Kiswahili, mtu niliyezaliwa naye tumbo moja: "Mama, unatafuta nani?"

Yale maneno yote yakanipotea. "Nimepotea njia," nikasema.

"Unataka kwenda wapi?"

"Barabarani. Kwenye magari ya Migori."

Akaja mpaka karibu yangu, akaninyooshea mkono. "Pita pale penye mti uliokatwa. Uangalie mashimo upande wa kulia, yamefunikwa kwa nyasi tu, mtu anaweza kuingia." Halafu akaongeza, "Nenda polepole." Akarudi kwenye kamba yake.

Nililia kwenye gari mpaka mama mmoja akanishikia mfuko. Sijui mpaka leo kama lile "nenda polepole" alimwambia mgeni au aliniambia mimi. Nimelichezea kichwani usiku na mchana. Nimeamua nisijidanganye kwamba najua.

Ndiyo maana alipokupigia simu mwezi uliopita, aliposikia umepelekwa shule ya huko, nilikuwa nimeshika sufuria na nikashindwa kuiweka chini. Ulikuwa umeweka sauti ya juu. Alisema, "Mtoto wa dada yangu hawezi kupanga chumba kama mgeni na mimi nina nyumba. Njoo ukae kwetu." Alisema *dada yangu*. Ulimshukuru, mkacheka, akakuuliza kama bado unakataa maziwa. Halafu akakata. Hakuuliza kama nipo. Wewe ulinigeukia ukiwa na furaha ile uliyokuwa nayo ulipokuwa mdogo, na mimi nikasema, "Vizuri, utaokoa kodi."

Basi nenda kwake. Akikusimulia habari hii kwa namna yake, msikilize mpaka mwisho. Usinitetee. Usimwambie kwamba mama alikuwa mjane, kwamba mama alikuogopea wewe njaa. Nimeyasema hayo mwenyewe kwa miaka, na ng'ombe hawakufufuka. Usijaribu kutupatanisha, wala usitafute siku ya kutuketisha pamoja na soda. Ukimpenda kuliko mimi nitaumia, lakini alikulea wakati mimi natazama mawingu, kwa hiyo ni haki yake.

Na darasani, watoto watakutazama wakidhani unajua kila kitu. Ni kitamu sana, utaona. Mmoja atakuuliza jambo usilolijua, na utahisi jibu linajitengeneza mdomoni peke yake. Mwambie hujui. Mwambie hata kama mkaguzi amekaa nyuma.

Nasikia sauti yako barabarani, unaongea na watu wa duka. Nitaiweka barua hii ndani ya begi lako, pamoja na chakula cha njiani, uikute ukiwa garini, maana nikikupa mkononi utaisoma hapa na itabidi nikutazame.

Jambo la mwisho. Kesho ukiingia nyumbani kwake atakuuliza habari za nyumbani, kwa sababu ni mtu wa adabu na hakuna mgeni asiyeulizwa. Wewe mjibu kwamba tuko wazima. Kisha nyamaza kidogo, umpe nafasi, uone kama ataongeza swali. Asipoongeza, kula chakula alichokuandalia, ulale, na usinipigie simu kuniambia.

Na akiongeza, pia usinipigie. Njia ya kuja huku anaijua.

Mimi mama yako.